Kiwanda cha spika cha Thiel kilifungwa 2018, ila kilikwisha kabla. Nina spika zake mbili hapa Mtwara

#1 Mleta uzi

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Sebuleni kwangu Shangani, Mtwara mjini, zimesimama spika mbili aina ya Thiel CS2.4. Zilitengenezwa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Nilizinunua mwishoni mwa 2015 kwa mgeni aliyekuja na kazi za gesi. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua ilivyokuwa: nyumba za Shangani zinapangishwa kwa dola, hoteli zimejaa, bomba la kupeleka gesi Dar linakamilika. Halafu bei ya mafuta duniani ikaporomoka, wageni wakaanza kufungasha mmoja mmoja. Huyu wa kwangu alikuwa na spika hizi na hakuwa tayari kulipia usafiri wa kuzirudisha, maana boksi moja ni kazi ya wanaume wawili. Askari wa getini kwake ni jamaa yangu, akanishtua. Nilitoa pesa ya korosho yote iliyokuwa imebaki, mama watoto akaninunia wiki nzima, nikazibeba kwa kirikuu.

Kazi yangu ni kufunga umeme majumbani. Spika nilikuwa nazijua kama kila mtu anavyozijua, yaani zinalia au hazilii. Usiku ule nikaweka muziki wa dansi wa zamani ambao nimeusikia tangu niko mgongoni kwa mama. Nikasikia mpiga gitaa la kati anavuta kidole kwenye waya kabla ya kupiga noti. Miaka arobaini nausikiliza wimbo ule, kidole kile sikuwahi kukisikia.

Basi nikaanza kufuatilia ni nani aliyezitengeneza.

Thiel Audio ilianzishwa 1977 na watu watatu: Jim Thiel aliyebuni, ndugu yake Tom Thiel aliyekuwa mtaalamu wa mbao, na mwanamama Kathy Gornik aliyeshika biashara. Kampuni ndogo, mji mdogo, mbali na miji mikubwa ya muziki. Jim alifariki Septemba 2009 kwa saratani. Mwaka 2012 kampuni ikauzwa kwa wawekezaji, ikahamishiwa Nashville. Mwanzoni mwa 2018 ikafungwa.

Mimi habari za kufungwa nilizipata mwisho wa mwaka ule. Ndio mwaka serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakapewa kazi ya kuzibeba. Huku Kusini hakuna aliyekuwa na muda wa habari za Kentucky. Lakini nilipoisoma niliumia kama nimeambiwa kuhusu mtu ninayemfahamu. Na kadiri ninavyozidi kuelewa, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba 2018 kilichofungwa ni mlango tu. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshakwisha. Naomba nieleze kwa nini.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Ndani ya spika ya maana mna vipaza viwili au vitatu. Wufa inashika besi, midi inashika sauti za watu, twita inashika sauti nyembamba. Kati yao na amplifaya kuna kroshova, ile bodi yenye koili na kapasita, ambayo inagawa umeme wa muziki ili kila kipaza kipate sehemu yake.

Sasa hiyo kroshova inaweza kukata kwa ukali au kwa upole. Wabunifu wengi hukata kwa desibeli 24 kwa kila oktavu, yaani sauti isiyo ya kipaza hicho inashushwa haraka sana. Ukikata hivyo twita inalindwa vizuri, wufa haiingilii mambo yasiyoihusu, kazi inakwenda. Gharama yake ni kwamba mawimbi yanazungushwa. Sauti iliyotoka kwa mwimbaji kama kitu kimoja inakufikia vipande vipande, kipande cha chini kikiwa kimechelewa nyuma ya cha juu. Tofauti ni ndogo mno, tunazungumzia sehemu za elfu za sekunde, na wapo wataalamu wanaosema sikio haliitambui.

Jim Thiel alisema inatambulika, na akaishi kwa neno hilo. Alikata kwa desibeli 6 tu. Ukikata kwa 6, na vipaza vikiwa umbali unaolingana na sikio, mawimbi yanaungana tena kama yalivyoingia. Ndiyo maana uso wa boksi langu umelala nyuma kama mtu aliyeegemea kiti: juu kumerudishwa nyuma ili sauti ya twita isitangulie. Herufi CS zenyewe zinatokana na wazo hilo, chanzo kimoja kinachokwenda pamoja.

Ila desibeli 6 ni mteremko mpole mno. Twita inaendelea kupokea sauti nene ambazo zingeweza kuiumiza, na wufa inaendelea kuimba juu mahali ambapo wufa nyingi huanza kupiga kelele. Kwa hiyo kila kipaza lazima kiwe kizuri hata nje kabisa ya eneo lake. Vya kununua vilipowashinda wakajitengenezea vyao wenyewe pale Lexington. Koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, ni alumini, siyo karatasi. Koili ya kipaza, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni, ni fupi ndani ya uwazi mrefu wa sumaku, wakati spika nyingi zina koili ndefu kwenye uwazi mfupi. Njia hii ya koili fupi inakula sumaku nyingi na pesa nyingi, lakini koili ikienda mbele na nyuma haitoki kirahisi kwenye nguvu ya sumaku. Kwenye CS2.4 twita wameiweka katikati ya midi, viwili vinatoa sauti sehemu moja.

Unaona ugumu wote huo? Wazo moja tu, la mtu mmoja, linalazimisha umbo la boksi, aina ya koni, urefu wa koili, hadi mashine za kiwandani.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Alipofariki, waliobaki walikamilisha spika ya CS2.7 kwa kutumia kipaza alichokuwa ameshakibuni kwa ajili ya CS3.7. Mpaka hapo sawa. Wakaja wenye mali wapya, wakaleta spika mpya zenye jina la Thiel na kroshova za kukata kwa ukali kama za watu wengine. Zinaweza kuwa spika nzuri, mimi sijazisikia. Lakini mtu aliyekuwa anatembea maili mia kununua Thiel alikuwa anafuata desibeli 6 zile. Jina alilikuta tu hapo. Ukimuuzia jina bila kile alichofuata, atakwenda kwa mwingine, tena bila kugombana na wewe.

Siku walipoacha lile wazo ndiyo siku ninayoihesabu mimi.

#3 Ming'oko

Njomba, umeandika vizuri ila mimi nauliza kwa moyo safi. Mimi nina sabufa nilinunua hapo sokoni, inapiga mpaka jirani anagonga mlango. Sasa hiyo ya kwako inanizidi nini mpaka mama watoto anune?

#4 Mleta uzi

Swali la haki kabisa, njomba.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda Newala kwenye shughuli, nikarekodi sindimba kwa kinasa kidogo. Mtu akipiga ngoma kuna mambo mawili. Kwanza kiganja kinagonga ngozi, mlio mkavu, mfupi. Halafu tumbo la ngoma linajibu. Kwenye sabufa utasikia tumbo, tena kubwa kuliko ngoma yenyewe. Kiganja utakisikia mahali pengine, kwenye vile vispika vidogo vya pembeni, kama vile kuna mtu mwingine anapiga kofi upande wa pili wa chumba.

Kwenye hizi kiganja na tumbo ni mtu mmoja. Mzee wangu, ambaye alicheza sana ujanani, nilimwekea bila kumwambia kitu. Alisikiliza kidogo akasema, "Huyo wa katikati ngozi yake haijaota moto vizuri." Alikuwa anasema kweli. Siku ile kulikuwa na manyunyu, na mpiga ngoma wa katikati alikuwa anakwenda motoni kila baada ya muda.

Sabufa yako ni nzuri kwa kazi yake. Mimi nazungumzia kazi nyingine. Njoo Shangani siku yoyote usikilize.

#5 Bandarini

Mkuu, naheshimu mapenzi yako ila hoja ina tundu. Naim, watengeneza amplifaya wa Uingereza, mwanzilishi wao Julian Vereker alifariki 2000 na hadi leo wanatengeneza vitu Salisbury. Kufa kwa mwanzilishi si lazima kuue kampuni. Hao Thiel labda walishindwa biashara tu. Watu siku hizi wanasikiliza kwa simu na spika za bluetooth, nani ananunua makabati mawili ya sebuleni?

#6 Mleta uzi

Bandarini, umesema jambo la kweli na silikatai. Soko lilipungua. Maduka ya kusikiliza spika kabla ya kununua yalifungwa miji mingi huko Marekani na Ulaya, na spika ya namna hii hainunuliwi kwa picha. Hiyo peke yake inatosha kuangusha kampuni ndogo.

Lakini huo mfano wa Naim ndio unaoniunga mkono. Vereker alipoondoka waliendelea na namna yao ile ile ya kutengeneza vitu, mtu anayekijua kifaa chao cha zamani akisikia kipya anatambua ni ndugu. Chukua Harbeth, kampuni ya spika ya Uingereza. Aliianzisha mhandisi mstaafu wa BBC, H. D. Harwood, mwaka 1977, mwaka ule ule wa Thiel. 1986 akaichukua Alan Shaw. Huyu Shaw hakuwa mtu wa kununua na kuuza, ni mbunifu na ni mpenzi wa kazi yenyewe, na kwa miaka mingi ndiye aliyezibuni. Kampuni ilibadilisha mkono, wazo halikupotea njiani.

Kwa hiyo sisemi mwanzilishi akifa kampuni ife. Ninalosema ni kwamba anayeipokea awe anaelewa alichopokea. Wewe uko bandarini, umeona meli nzuri ikipewa nahodha asiyeijua bahari hii. Ubao haujatoboka, injini nzima, lakini kila mtu aliye gatini anajua.

#7 Fundi_Masasi

Mimi ni fundi wa redio na TV, Masasi. Naongeza upande ambao watu hawauoni: vipuri.

Kampuni kubwa ikitaka transista inaagiza laki nzima, kiwanda kinamsikiliza. Kampuni ya watu kumi inaagiza mia tano, hasikilizwi na mtu. Toshiba walipoacha kutengeneza 2SK170 na mwenzake 2SJ74, mafundi wadogo wa amplifaya dunia nzima walibaki wanagombania akiba, na feki zikajaa sokoni. Mimi mwenyewe nimeshauziwa feki, ukiipima inasoma, ukiiweka kwenye mashine inavuma kama nyuki. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM cha Nobeoka, Japani, kikaungua, na chipu zake zilikuwa ndani ya mashine nyingi za kugeuza muziki wa kidijitali. Wakubwa walibadilisha chipu wakaendelea. Mdogo kubadilisha chipu maana yake kuchora bodi upya, na pesa ya kuchora upya hana.

Hata zile LS3/5A, spika ndogo maarufu iliyobuniwa na BBC, ziliishi kwa vipaza viwili vya KEF, T27 na B110. KEF walipoviacha mwishoni mwa miaka ya 1990, waliokuwa wanaitengeneza walikwama. Kwa hilo nawapongeza Thiel kwa kujitengenezea. Ila na hiyo nayo ina ubaya wake, kiwanda kikifungwa unabaki na kipaza ambacho hakipo duniani. Mkuu, ikiungua wufa moja unafanyaje?

#8 Mleta uzi

Fundi, umegusa kidonda. Iliungua. Naomba niwape habari yote, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

2019, mimi niko safarini Lindi kwa kazi ya siku tatu. Mdogo wangu akazichukua spika kwenda kwenye shughuli ya kumtoa mwali, Mikindani. Alidhani spika kubwa ni za shughuli. Wakaziunga kwenye amplifaya ya kukodi. Sasa CS2.4 ni nzito kwa amplifaya, inashuka hadi karibu ohm 3, inanyonya ampea nyingi. Amplifaya ikachemka, jenereta inapanda na kushuka, na usiku wa manane transista za mwisho, zile zinazolisha spika, zikapasuka zikapiga shoti. Wenzangu wa umeme mnajua kinachofuata. Badala ya muziki, umeme wa DC, kama wa betri, ukaingia moja kwa moja kwenye koili ya wufa. Koili ikasukumwa mbele ikagandia hapo, ikapikwa.

Nilirudi nikazikuta zimesimama mahali pake, zimefutwa vumbi, mdogo wangu hayupo nyumbani. Nikawasha. Ya kulia inalia, ya kushoto inalia juu tu, chini hakuna kitu. Nikainama karibu na koni nikasikia harufu. Ni ile harufu ya vanishi ya waya iliyoungua, inafanana na sukari iliyoshikana na sufuria. Nikasukuma koni kwa vidole vinne, taratibu. Ikakwaruza.

Kiwanda kimeshafungwa mwaka mzima. Nikasoma kwamba mfanyakazi wao wa zamani amefungua huduma ya matengenezo huko huko Lexington, anashughulikia spika za Thiel, na wenye spika hizi duniani wanamtegemea. Jambo hilo lilinipa faraja. Lakini kutuma wufa kutoka Mtwara hadi Kentucky na kurudi, na ushuru wake, nilipiga hesabu nikaweka kalamu chini.

Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa redio wa Chikongola. Simtaji jina kwa kuwa hajaniruhusu. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, upana wa mikono miwili, ukuta mzima umetundikwa saketi. Akaipokea wufa, akaigeuza, akaipima uzito kwa mkono, hakusema kitu. Akakata kwa wembe gundi ya buibui, kile kitambaa kinachoishika koili nyuma ya koni, akaitoa koni pamoja na koili. Akaiinua koili kwenye mwanga wa mlango. Kisha akaingiza kijiti cha mwanzi kwenye uwazi wa sumaku, akaweka alama kwa ukucha, akakipima na koili. Akarudia. Akaniuliza, "Aliyeunda hii alikuwa na kiwanda au alikuwa na karakana?"

Nikamwambia karakana iliyokua ikawa kiwanda.

"Ndiyo," akasema. "Kiwandani wangemkataza." Alikuwa ameiona ile koili fupi.

Kuisuka kulichukua siku nne. Siku ya kwanza tulifungua waya ulioungua na kuhesabu mizunguko, mimi nahesabu, yeye anahesabu kimoyomoyo. Tulihesabu mara tatu kwa sababu waya ulikuwa umeshikana, mara mbili tukapata jibu moja. Unene wa waya akaupima kwa maikromita yenye kutu ya miaka yote. Siku ya pili akasuka, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka analipaka gundi kwa unyoya wa kuku. Ya tatu hakugusa kitu, aliiacha ikauke, na kwa kuwa hewa ilikuwa na unyevu mwingi, alitaka siku nyingine nusu. Ya nne akaigandisha, na ili koili ikae katikati ya sumaku alizungushia vipande vya filamu ya eksirei ya kifua ya mkewe.

Inapiga hadi leo.

#9 MamaLikombe

Huyo mzee wa Chikongola mwenye kipande cha mkeka mlangoni? Mungu ampe umri. Alinitengenezea redio kaseti ya marehemu mume wangu mara tatu, mara ya tatu akakataa pesa akasema ya pili hakuifanya vizuri. Nilipita pale mwaka jana nikakuta wanauza vocha. Nini kilitokea, mwanangu?

#10 Mleta uzi

Shikamoo mama. Ndiyo huyo huyo.

Alifunga 2021. Macho, mama. Alianza kuunguza vidole kwa sababu hauoni mdomo wa chuma cha kuchomelea. Watu wengi walimwambia aweke kijana amfundishe, na aliwaweka, nawajua watatu. Wa kwanza alikwenda kwenye simu, kwa sababu simu moja inalipa siku hiyo hiyo na redio inalipa mwenye nayo akikumbuka kuja kuichukua. Wa pili bodaboda. Wa tatu alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, yeye mwenyewe alikuwa anamsifia, akaenda Msumbiji na hajarudi. Siwalaumu hata mmoja. Mtu ana watoto.

Siku ya kufunga nilikwenda kumsaidia kubeba. Vitu vya miaka arobaini vilienea kwenye mkokoteni mmoja. Vipuri vibovu alivitenga na vizima kwa kuvigusa tu, karibu haangalii. Redio ambazo wenyewe hawakuzifuata zilikuwa kumi na moja, kila moja ina karatasi yenye jina na mwaka. Alitaka zirudishwe kwa wenyewe. Tumewapata sita. Mama, kama unamjua mtu aliyeacha redio pale, nitumie ujumbe.

Akanipa daftari lake. Ni la mistari, jalada limefungwa kwa utepe wa umeme. Ndani mna kila koili aliyowahi kuisuka: aina ya spika, ohm, unene wa waya, mizunguko, gundi ipi. Mengine ni ya spika za misikiti na makanisa kuanzia Kitaya hadi Nanganga. Nilipokuwa nasoma habari za Thiel nilikuwa najiuliza ni nini hasa wale wawekezaji walitakiwa wanunue. Nikishika daftari hili naona jibu. Pale Lexington nina hakika mambo mengi ya namna hii yalikuwa vichwani na mikononi mwa watu, na watu wale wengi hawakuhamia Nashville na mashine. Yule mmoja aliyebaki Lexington akitengeneza ndiye mwenye daftari.

Mzee sasa yuko kwa binti yake Kitangari.

#11 Fundi_Masasi

Mkuu nimesoma mara mbili. Ombi langu ni la kikazi. Kuna mteja wangu, mwalimu, ana jozi kama hiyo yako, naye aliinunua kwa wageni wa gesi. Wufa moja imeungua vile vile, nimeiweka juu ya kabati tangu mwaka jana sijui nianzie wapi, na hii ya kwangu waya umeungua hadi umekatika vipande, hesabu haiwezekani. Tafadhali nipigie picha ukurasa wa koili ya Thiel kwenye daftari.

#12 Mleta uzi

Fundi, nimelifungua sasa hivi. Mchwa wamekula kona ya chini ya kurasa sita za mwisho, na ya Thiel ni mojawapo. Limebaki jina alivyoliandika yeye, "Tieli ya Shangani", na ohm. Unene wa waya na mizunguko vimeliwa. Nimekaa naliangalia kwa uchungu sana. Kurasa zilizobaki naanza kuzipiga picha usiku huu zote, nitaziweka hapa kumi kumi, za spika za kawaida zitawafaa mafundi wengi.

Nipe siku mbili nifikirie cha kufanya na hiyo.

#13 Ming'oko

Wadau, nilikwenda Shangani jana baada ya alasiri. Nimesikia hiyo ngoma ya Newala. Kiganja nimekisikia. Sina la kuongeza, nimekaa mpaka magharibi.

Njomba, kwenye kufikiria kwako: si ulisema mzee ndiye aliyeirudisha wufa kwenye boksi kwa mkono wake? Boksi hilo umelifungua tena tangu siku ile?

#14 Mleta uzi

Sikuwa nimelifungua.

Asubuhi hii nimelilaza boksi la kushoto kwenye godoro, nikatoa skrubu za wufa moja moja nikizipanga kwenye sahani kwa mpangilio wake. Nikaitoa, nikamulika ndani kwa tochi. Nyuma ya pamba, kwenye ubao wa pembeni, kuna mwandiko wa penseli. Mwandiko ni ule ule wa daftari. Ameandika tarehe, unene wa waya, mizunguko ya kila tabaka, na chini yake "kushoto" limepigiwa mistari miwili. Pembeni kuna mshale mdogo unaoonyesha waya mwekundu unaelekea wapi.

Fundi_Masasi, picha ni hizi mbili. Namba zinasomeka vizuri kwenye ya pili. Ukikwama kwenye kuiweka katikati, tafuta filamu ya eksirei, karatasi ya kawaida inavimba.

Nimempigia mzee Kitangari kumweleza. Hakuuliza habari za namba. Aliuliza kama wufa imerudi mahali pake na kama inapiga. Nikamwambia asubiri, nikafunga skrubu zote, nikawasha, nikaiweka simu sakafuni mbele ya spika ya kushoto.